Earline Alipojibu

Watu waliocheza kwa santuri za Hosea Tarver, kuanzia Memphis mpaka Detroit, hawakujua kwamba mwimbaji wao aliwahi kujaribu sinema. Earline Maddox alijua, kwa sababu alikuwa akimpenda, na mtu unayempenda unayajua hata yale yaliyomshinda. Mara ya kwanza, kule Chicago, ulionekana mkono wake tu ukipokea glasi. Mara ya pili alipigwa risasi kabla hajafungua mdomo, akaangukia meza ya kamari. Sinema hiyo Earline alikwenda kuiona mara nyingi, hadi muuza tiketi akamzoea. Alikuwa akingoja Hosea aanguke, kisha anachukua mkoba wake na kutoka.

Mara ya tatu walimpa maneno.

Ilikuwa mwaka 1974, miti ya Memphis ikiwa imeanza kutoa maua. Daktari alikuwa amemtazama Hosea kooni kwa kioo kidogo, akaona vinundu. Alimwambia aache kuimba mwaka mzima, la sivyo sauti ingepotea moja kwa moja, na vile vinundu vingeweza kugeuka kitu ambacho daktari hakutaka kukitaja mbele ya Earline. Lakini Hosea hakujua kazi nyingine. Aliimba tangu utotoni, kwanza kanisani, halafu kwenye kumbi, na basi la bendi lilikuwa linaondoka Jumatatu kwenda Mississippi na Alabama.

Ndipo akatokea Bwana Kessler, mwongozaji wa sinema kutoka California, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimwambia Hosea kwamba wakubwa wake walikuwa wanatafuta sura kama yake. Kama wangeupenda ukurasa mmoja tu wa maneno atakaousema, wangemwajiri mwaka mzima. Mwaka mzima bila kuimba. Hilo ndilo neno alilolisikia Earline, mengine yote yalipita juu ya kichwa chake.

Jumamosi asubuhi Hosea alifika jikoni kwa kina Maddox amevaa suruali ya dereva wa lori, maana hiyo ndiyo nafasi aliyopewa. Mama yake Earline, Idella, alikuwa anakaanga samaki. Hakugeuka.

"Umekuja kula au umekuja kumsumbua mwanangu?"

"Vyote viwili, Mama Idella, kama havigongani."

"Kaa chini. Na usiimbe."

"Nimekatazwa kuimba, mama."

"Na mimi nakukataza tena."

Earline alimwekea sahani mbele, akaketi karibu naye kiasi cha magoti yao kugusana chini ya meza. Mama Idella aliona. Hakuna kilichompita jikoni mwake.

"Mimi nilishaolewa na mwanamuziki," alisema akiwa bado anatazama kikaango. "Aliondoka na basi, akarudi na basi. Ila kurudi alikuwa amelazwa nyuma, kati ya ngoma na masanduku. Wanaume wote wale, na hakuna hata mmoja aliyenitazama machoni akaniambia alikufaje. Walishusha kofia, wakala chakula changu, wakaondoka."

"Mama, hayo tumeyasikia," Earline alisema taratibu.

"Basi yasikie tena, hayajazeeka. Akipata hiyo kazi ya sinema, sawa. Keki ya harusi nitaioka kwa mkono huu. Asipoipata, apande basi lake na wewe ubaki. Sitakaa dirishani mara ya pili kumsubiri mume wa mtu, hata akiwa mkwe wangu."

"Mama Idella, mimi nipo hapa hapa," Hosea alisema.

"Najua upo. Ndiyo maana nasema kwa sauti."

Hosea alicheka, lakini cheko lake lilikwaruza, na wote watatu waliusikia ule mkwaruzo. Earline alimsukumia ile karatasi ya maneno.

"Haya, tusomee."

Hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Dereva wa lori anakwenda kwa mjane kumpa habari kwamba mumewe hatarudi. Mjane amekaa kwenye kiti, hasemi neno, hatikisi hata nyusi. Dereva anasema mpaka mwisho, anavaa kofia, anatoka.

Hosea alisimama karibu na jokofu. "Mama, mimi ndiye niliyekuwa naye."

Akanyamaza.

"Mm-hm," Earline akajibu, bila hata kufikiri.

"Nilikaa naye mpaka mwisho."

"Sema."

"Hakulia."

"Ndiyo, sema."

Kutoka hapo maneno yalimtoka kama maji ya mfereji. Wote watatu walikulia katika kanisa ambalo mhubiri hatamki sentensi mbili bila kujibiwa. Huko mtu hasemi peke yake. Anasema, anajibiwa, anapata nguvu, anaendelea. Akinyamaziwa anajua amewapoteza, naye anatafuta njia ya kukaa chini bila aibu. Hosea aliimba hivyo hivyo. Nusu ya uzuri wa wimbo wake ilikuwa inatoka kwa watu waliokaa kwenye viti.

Alipomaliza ukurasa, sauti iliguna kutoka kwenye jiko. "Mmm. Bwana ana rehema."

Earline na Hosea wakamgeukia Mama Idella.

"Mnaniangalia nini? Nimeungua na mafuta," alisema.

Mlangoni Hosea alimshika Earline mkono. "Twende wote. Sihitaji kitu kingine. Nikiuona uso wako nitaweza."

"Watu wa sinema wataniruhusu?"

"Nimeshamwomba Kessler. Amesema ukae kimya tu."

"Kukaa kimya ndiyo kazi?" Earline alisema. "Hiyo nitaiweza."

Nyumba ambayo watu wa sinema waliiazima ilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwa kina Maddox, na taa zilikuwa zimeigeuza sebule kuwa tanuri. Waya zilitambaa sakafuni kama mizizi. Katika kiti cha mjane alikaa Bi Dolores Fane, mwigizaji kutoka California, mwenye uso mzuri usiosema chochote. Fundi wa sauti, jamaa mnene aliyeitwa Stubbs, alivaa vile vifaa vya masikioni na kuinua kidole kila alipotaka watu watulie. Kidole kikiinuka, hata pumzi zilishushwa.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa naye," Hosea alisema.

Akanyamaza. Chumba nacho kikanyamaza. Akangoja.

"Kata," Kessler alisema. "Umesahau?"

"Hapana, bwana. Nakumbuka yote."

"Basi endelea tu."

Alirudia. Alisimama tena pale pale. Akarudia, akafika sentensi ya pili, akasimama, macho yanazunguka chumbani kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na kukuta hakuna mwenyeji. Jasho lilimlowesha shati. Mwanamke wa vipodozi alikuja kumfuta, Hosea akamwomba radhi, kana kwamba kutoa jasho nako ni kosa.

Kessler alimsogelea. Hakuwa mkali, na hilo lilimuumiza Earline zaidi. "Hosea, niambie. Unamsubiri nani?"

Hosea alitazama viatu vyake. "Namsubiri mtu aseme kitu."

"Nani aseme? Dolores hana maneno hapa."

"Najua, bwana. Ila ananitazama kama ukuta."

"Samahani, mpenzi," Bi Fane alisema kutoka kwenye kiti, "ndivyo nilivyoelekezwa niwe."

Kessler alikwenda kusemezana na mtu wa kamera, akarudi anajikuna kidevu. Filamu iliyobaki ilikuwa mkebe mmoja. Jioni hiyo wote walikuwa wanaruka kurudi California, na vyombo vilikuwa vimeshaanza kupakiwa.

"Tunayo nafasi moja," alisema. "Pumzika kidogo, halafu tumalize."

Earline alimfuata Hosea barazani. Alikuwa ameegemea nguzo, mkono kooni, kama mtu anayehakikisha kitu bado kipo mfukoni.

"Twende nyumbani," Hosea alisema. "Nimeshajifedhehesha vya kutosha."

"Hatuendi. Nisikilize. Nitakaa nyuma ya bega la yule mama, pale kamera isiponiona. Ukisema, nitakujibu kwa kichwa. Nitatikisa hivi. Nitajibu kwa macho. Utanisikia, hata kama sijasema."

"Kwa macho?"

"Kwani Jumapili kanisani ulikuwa unaniambia nini kwa macho wakati wa maombi?"

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Yale hayafai kwenye sinema hii."

"Basi. Macho yanaongea. Njoo."

Walimwekea Earline kigoda nyuma ya bega la Bi Fane. Kidole cha Stubbs kiliinuka. Kamera ikaanza kunong'ona.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa naye."

Earline alitikisa kichwa polepole. *Ndiyo.* Akaona kifua cha Hosea kinashuka, mabega yanalegea.

"Nilikaa naye mpaka mwisho."

*Sema.*

"Hakulia. Sitakudanganya, alitaka kulia, lakini hakulia."

Alikuwa anaongea sasa. Haikuwa tena karatasi. Ile sauti iliyokwaruza, ambayo kila mtu aliionea huruma, ilikuwa inafaa pale kama kiatu cha zamani kinavyofaa mguu. Kessler alikuwa ameacha kujikuna. Hata Bi Fane, kwenye uso ule wa ukuta, kitu kilianza kusogea karibu na mdomo. Earline aliyaona yote kwa pembe ya jicho, na moyo wake ukaanza kwenda mbele ya wakati. Aliiona nyumba. Aliiona keki. Alimwona Hosea amezeeka, amekaa, ananyamaza kwa hiari yake.

Kisha Hosea akafanya kile alichozoea kufanya jukwaani, wimbo unapokuwa umemshika. Akaongeza maneno ambayo hayakuandikwa.

"Alikuita jina lako, mama," alisema, na macho yake yakampita Bi Fane yakatua kwa Earline. "Hakukuita kama mtu anayekufa. Alikuita kama vile uko chumba cha pili."

Earline alimwona baba yake. Alimwona kati ya ngoma na masanduku, kwenye lile basi, akigeuza kichwa kuelekea jikoni kulikokuwa mbali naye sana, na kumwita Idella. Miaka yote ile hakuna aliyekuja kumwambia. Na sasa mtu alikuwa amemwambia.

"Ndiyo," Earline akasema. "Ndiyo, sema, mpenzi."

Alisema kwa sauti, kwa sauti ya kanisani, ile inayotoka tumboni.

Stubbs alivua vifaa vyake vya masikioni. Hosea yeye aliendelea, akasema mpaka neno la mwisho, akavaa kofia, akatoka mlangoni kama alivyoelekezwa. Hakujua. Alirudi ndani anang'aa, akaukuta umati umesimama kama kwenye msiba, na Earline ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Nini?" Hosea aliuliza. "Nimekosea wapi?"

"Hukukosea," Kessler alisema. Alimgeukia Stubbs. "Sauti hiyo inaweza kutolewa?"

"Haitoki. Sauti ya dada imekaa juu ya sauti ya Hosea. Ukiikata moja, umekata zote mbili."

"Turudie," Earline alisema. "Bwana Kessler, nakuomba. Nitatoka nje. Nitakwenda kabisa, nitakwenda mpaka barabarani."

"Mkebe umekwisha, dada."

"Tafuteni mwingine. Memphis ni mji mkubwa, hakukosi mtu mwenye filamu."

"Leo Jumamosi. Na hata ukipatikana, ndege haitungoji." Kessler alikaa kwenye mkono wa kiti. Alionekana mzee. "Wataweka mtu mwingine aseme juu ya midomo yako. Sura itabaki. Lakini wakubwa hawaajiri midomo, Hosea. Sitakudanganya. Wangeisikia ile sauti, wangekuchukua leo leo."

Hakuna aliyemkaripia Earline. Bi Fane alimshika bega alipokuwa anapita. Mwanamke wa vipodozi akampa kitambaa. Stubbs mwenyewe alimwambia kwamba naye nusura ajibu. Earline angefurahi zaidi kama mmoja wao angempiga kofi.

Walitembea kurudi nyumbani bila kushikana mikono. Walipofika kona ya duka la kinyozi Earline akasimama.

"Nikasirikie."

"Siwezi."

"Nimekuharibia maisha, Hosea. Niambie basi. Nitukane."

"Earline, nikuulize." Alikuwa anaongea chinichini, kwa kuwa koo lilikuwa limechoka. "Unadhani ungenyamaza, ningemaliza?"

"Ulikuwa unaendelea vizuri."

"Nilikuwa nimefika mwisho wangu. Yale maneno ya chumba cha pili sikuyapanga, yalinitoka, na baada yake sikuwa na kitu. Giza tupu. Nilikuwa nasimama. Miguu yangu tayari ilikuwa inasimama. Halafu ukasema *ndiyo*, nikapata kuendelea."

Earline alimtazama. Alitafuta usoni kwake dalili ya uongo wa huruma, ule ambao mwanamume humwambia mwanamke ili alale. Hakuiona.

"Kwa hiyo ningenyamaza ungeshindwa," alisema.

"Ningeshindwa."

"Na nilipojibu ukashindwa."

Kinyozi alitoka mlangoni, akamsalimu mwimbaji kwa jina, akamwuliza lini atatoa santuri mpya. Hosea akamwambia karibuni, ndugu yangu, karibuni.

Jumatatu asubuhi basi lilisimama mbele ya nyumba ya kina Maddox, kwa sababu Hosea aliomba lipitie hapo. Bendi nzima ilikuwa ndani. Mpiga ngoma, Wardell, ambaye mkewe alijifungua mapacha majuzi tu, alimpungia Earline mkono kisha akaangalia upande mwingine. Bila Hosea hakuna aliyekuwa na safari, na bila safari hakuna aliyekuwa na maziwa ya kupeleka nyumbani.

Earline alikuwa amempa chupa ya asali na limau. Alikuwa amemfunga skafu shingoni, akaifungua, akaifunga upya.

"Imba chini," alisema. "Nyimbo za juu mwachie Wardell."

"Wardell akiimba watu watadai turudishe viingilio."

"Basi imba chache."

"Nitaimba chache."

Wote wawili walijua kwamba hajawahi kuimba chache. Watu wakianza kumjibu kutoka kwenye viti, hakuna daktari wala mchumba ambaye angemnyamazisha.

"Nipande na mimi," Earline alisema ghafla.

"Uje ufanye nini?"

"Nikuone."

"Hapana, mpenzi. Hilo ndilo nisilolitaka." Akamgusa shavu kwa mgongo wa kidole. "Sitaki uwe nyuma ya ngoma unasubiri nianguke."

Mlango wa nyumba ulifunguka. Mama Idella alishuka ngazi akiwa na aproni, amebeba boksi la viatu lililofungwa kwa uzi. Harufu ya kuku wa kukaanga ilimtangulia. Alimkabidhi Hosea, lakini hakuachia upande wake wa boksi. Wakabaki wamelishika wote wawili.

"Earline amenisimulia," alisema. "Yale uliyosema kwenye hiyo sinema. Ya chumba cha pili."

"Yalinitoka tu, mama. Sikuwepo. Sijui alisema nini."

"Najua hukuwepo. Ulikuwa mtoto." Alilivuta boksi kidogo upande wake. "Hata hivyo wewe ndiye uliyeniambia. Basi sikiliza. Shuka. Achana na sinema, achana na masharti yangu. Weka hilo sanduku lako barazani, leo hii nampigia mchungaji. Nitawalisha wote wawili mpaka koo lipone."

Earline alikuwa hajawahi kumsikia mama yake akiomba kitu.

Hosea alitazama nyumba. Alitazama basi. Nyuso zilikuwa zimepangana madirishani, wanaume wazima, kila mmoja anajifanya anaangalia miti. Wardell alikuwa amevua kofia, anaizungusha magotini.

"Ungeniambia Ijumaa, Mama Idella," alisema.

"Ijumaa nilikuwa bado na akili zangu."

"Ijumaa ningebaki. Leo wameshaaga kwao."

Alimbusu mama paji la uso, jambo ambalo asingethubutu siku nyingine. Akambusu Earline mdomoni, mbele ya mama, mbele ya basi na mtaa mzima, na hakuna aliyeguna. Kisha akapanda na boksi lake. Alikaa upande wa pili, wasikoweza kumwona. Earline alielewa kwamba amefanya makusudi, na kwamba isingekuwa hivyo asingeweza kuondoka.

Basi lilikunja kona ya kanisa, likapotea. Moshi wake ulikaa kidogo barabarani.

"Mama," Earline alisema. "Siku ile baba alipoondoka, wewe ulifanyaje?"

"Nilirudi ndani nikaosha vyombo."

"Vikakusaidia?"

"Vikawa visafi."

Mama Idella alifungua aproni, akaikunja, akaishika kifuani. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi nyuma yao, na jikoni sufuria zote zilikuwa zinangoja. Jirani alipita akawasalimu, wakaitikia. Walisimama pale pale barabarani, bega kwa bega, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kugeuka.